Vipimo vya utendaji wa mwili: maswali tunayoulizwa kila wiki

Barazani kwenye kliniki yetu kuna benchi moja refu, na karibu kila anayekaa hapo ana bahasha ya kaki mapajani. Ndani yake kuna majibu ya vipimo: ya mwaka juzi, ya wiki iliyopita, ya maabara nne tofauti, mengine yamechapishwa kwa rangi na yamejaa mishale myekundu. Mimi ni mtu wa maabara kwa taaluma, si daktari. Nilikaa nyuma ya hadubini miaka kumi na saba kabla ya kuhamia hapa, ambako daktari, mtaalamu wa lishe na mimi tunamsikiliza mgonjwa mmoja kwa pamoja. Maswali yaliyopo hapa chini ndiyo yanayorudi kila wiki, nami nimeyajibu kama ninavyoyajibu pale kwenye benchi.

Hivi "vipimo vya utendaji wa mwili" ndiyo nini, na vina tofauti gani na vya hospitali?

Tofauti iko kwenye swali kuliko kwenye mashine. Hospitali, hasa yenye foleni, hupima ili kuthibitisha ugonjwa au kuuondoa: una malaria au huna, figo zinachuja au hazichuji. Mkondo huu wa tiba, ambao kwa Kiingereza huitwa functional medicine, unauliza mwili unaendeshaje shughuli zake kabla ugonjwa haujapata jina. Unaitumiaje sukari? Akiba ya madini ya chuma ikoje? Homoni zinapanda na kushuka saa ngapi? Tumbo linafyonza kiasi gani cha unachokula? Mambo haya yalianzia Marekani. Mwanabiokemia Jeffrey Bland ndiye anayetajwa zaidi kuwa mwasisi, taasisi ya mafunzo ilianzishwa mwaka 1991, na mwaka 2014 hospitali ya Cleveland Clinic kule Ohio ikafungua kituo chake cha tiba hiyo, jambo lililoupa mkondo huu heshima ambayo mwanzoni haukuwa nayo.

Ila ndani ya kapu hilo moja kuna vitu vya daraja tofauti kabisa. Vipo vipimo ambavyo hospitali yoyote ya wilaya inavifanya, tatizo husomwa haraka haraka. Vipo vizuri vinavyomfaa mtu fulani tu. Na vipo vinavyouzwa kwa sababu vinauzika. Nusu ya kazi yangu ni kupepeta.

Nimechoka kila siku. Nipime nini?

Kwanza ukae tuongee. Unalala saa ngapi, na mwenzio anasema unakoroma? Hedhi yako ni ya siku ngapi, pedi unabadilisha mara ngapi? Chai unakunywa na chakula au baadaye? Unameza nini ambacho daktari hakukuandikia? Nyumbani kuna msiba, deni, mgonjwa wa kuuguza? Huko ndiko kumtazama mtu mzima. Hakuhitaji sindano, na mara nyingi ndiko kunakochagua kipimo.

Mwaka jana alikuja mama mmoja wa miaka arobaini na kitu, mfanyabiashara wa vitenge, bahasha yake nene kama kaunta buku. Alikuwa amepima hadi homoni za mate, sampuli ikasafirishwa nje ya nchi. Tukiwa tunaongea akaingiza mkono kwenye pochi, akatoa kipande cha udongo, ule mkavu unaouzwa sokoni kwa mafungu, akakimega na kukitafuna bila hata kujishtukia. Nikamuuliza ameanza lini. "Tangu mwaka juzi, mdogo wangu. Nikiukosa sina raha." Hamu ya udongo, kama ilivyo hamu ya barafu au mchele mbichi, mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma. Katika karatasi zote zile feritini, kipimo cha akiba ya chuma, haikuwemo. Tulipompima ikatoka 6. Hemoglobini ilikuwa 11.8, na alikuwa ameambiwa kwamba "imeshuka kidogo tu". Chanzo kilikuwa hedhi ya siku tisa kila mwezi, na nyuma ya hedhi hiyo faibroidi tatu, yaani uvimbe kwenye mfuko wa uzazi. Hakukosa kipimo cha kisasa. Alikosa mtu wa kumwona akitafuna.

Kwa uchovu wa muda mrefu, basi, sisi huanza na picha kamili ya damu, feritini, sukari, TSH (homoni inayoiamuru tezi ya thairoidi ya shingoni), figo, ini, mkojo, choo cha kutafutia safura na minyoo mingine, VVU kama hujapima karibuni, na ujauzito kama kuna uwezekano wowote (usicheke, tumeshawakuta). Anayetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka tunamuongezea vitamini B12, kwa kuwa dawa hiyo hupunguza ufyonzaji wake. Karibu vyote hivi vinapatikana hospitali ya mkoa.

Feritini yenyewe ina hila. Inaonyesha akiba ya chuma, lakini hupanda pia mwili unapopambana na maambukizi. Ukipimwa huku una malaria, au jino limeoza na limevimba, ghala litaonekana lina kitu kumbe ni tupu. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja mipaka miwili kwa mtu mzima: chini ya 15 kwa asiye na maambukizi, chini ya 70 kwa aliye nayo. Maabara nyingi huchapisha mpaka mmoja tu. Sisi tunaipima sambamba na CRP, ambayo hupanda kukiwa na vita ndani ya mwili, ili tujue tunasoma mpaka upi.

Daktari kasema kila kitu ni kawaida. Mbona bado najisikia vibaya?

Neno "kawaida" kwenye karatasi ya maabara ni la kihesabu. Huchukuliwa watu wenye afya, hupangwa kuanzia wa chini hadi wa juu, kisha hukatwa asilimia 2.5 kila upande. Wanaobaki katikati ndio "kawaida". Maana yake, kwa kipimo chochote, mtu mmoja kati ya 20 wenye afya nzuri ataonekana yuko nje ya mstari. Sasa piga hesabu: ukimpima mzima wa afya vitu 20 visivyohusiana, uwezekano wa kupata angalau mshale mmoja mwekundu ni asilimia 64. Ukipima 40, ni asilimia 87. Ndiyo sababu pakeji ya vipimo sitini haikosi kukukuta na kitu.

Jingine ni hao watu wenye afya walikuwa akina nani. Mwaka 2008 zilichapishwa tafiti mbili za watu wazima wenye afya, moja ya Kericho, nyingine ya Mbeya, na mipaka yao haikulingana na ya vitabu vya Marekani ambayo mashine nyingi huja nayo kiwandani. Mfano unaotusumbua zaidi ni neutrofili, askari wa damu wanaokimbilia bakteria. Watu wengi wa asili ya Kiafrika hawana kiashiria kinachoitwa Duffy juu ya seli zao nyekundu, urithi ambao huwakinga na malaria ya aina ya vivaksi, na neutrofili zao kwenye damu huwa chache bila ugonjwa wowote. Nimemwona kijana aliyenunuliwa dawa lishe za "kupandisha kinga" miezi sita kwa sababu ya mshale huo mmoja. Alikuwa mchezaji wa mpira, hajawahi kulazwa maishani.

Wataalamu wa mkondo huu nao wana mipaka yao finyu zaidi, wanaiita "kiwango bora". Mara nyingine ina mantiki: mwanamke mwenye feritini 17 na uchovu usioelezeka, mimi simwambii ghala limejaa. Lakini mipaka mingi ya aina hiyo imeandikwa tu. Muulize anayekusomea: huu mpaka umetoka wapi, na waliopandishwa hadi hapo walipata nafuu?

Na ndiyo, mtu anaweza kuumwa huku karatasi yote ni ya kawaida. Sonona haionekani kwenye tyubu. Kukosa usingizi vilevile, na miaka ile ya kuelekea kukoma hedhi, ambapo homoni hubadilika wiki hadi wiki kiasi kwamba kipimo kimoja hakisemi lolote.

Nasikia sukari ya miezi mitatu ndiyo bora. Nipime hiyo tu?

HbA1c, ndiyo hiyo sukari ya miezi mitatu, ni kipimo kizuri. Huhitaji kufunga, na huwezi kukidanganya kwa kula vizuri siku mbili kabla ya kliniki. Kinapima sukari iliyonata kwenye hemoglobini, na kwa kuwa seli nyekundu huishi siku 120 hivi, jibu linabeba historia ya miezi miwili hadi mitatu. Kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Kati ya 5.7 na 6.4 uko njiani.

Mtego wake huku kwetu ni selimundu. Seli zinazokufa mapema hazipati muda wa kukusanya sukari, kwa hiyo jibu hutoka dogo kuliko hali halisi. Mwenye ugonjwa wenyewe asitegemee kipimo hiki kabisa. Hata anayebeba kinasaba kimoja tu, ambaye haumwi chochote, anaguswa: utafiti wa Wamarekani weusi uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta HbA1c ya wabebaji iko chini kwa wastani wa 0.3 ukilinganisha na watu wenye sukari ileile. Kanda ya Ziwa wabebaji ni wengi, na wengi wao hawajijui. Upungufu wa kimeng'enya cha G6PD nao huishusha, wakati upungufu wa chuma unaweza kuipandisha. Kwa hiyo tunaambatanisha sukari ya asubuhi kabla ya kula, ambayo kuanzia 7.0 ikirudiwa na kuthibitika ni kisukari, na majibu yasipopatana tunatafuta sababu badala ya kuchagua lile linalopendeza.

Wengine huja wakitaka kupimwa insulini. Hakuna ubaya, ila mipaka yake haijakubaliwa na wote. Mimi huchukua kwanza futi ya fundi cherehani. Kiuno chako kikizidi nusu ya urefu wako, tayari tunalo jambo la kuzungumza, na hujatoa damu wala shilingi.

Kipimo cha mwili mzima, kile cha kushika chuma mkononi, kinaaminika?

Hapana. Hakigusi damu, mkojo wala mate. Unaingiza umri, jinsia, urefu na uzito kwenye kompyuta, unashika chuma dakika moja, zinatoka kurasa thelathini zenye hali ya figo, mifupa, macho na "sumu mwilini". Ukitaka kukijaribu, rudi kesho kwa jina jingine na umri mwingine. Halafu angalia pembeni ya meza: aliyekupima ndiye mwenye makopo ya dawa.

Nimelipia kipimo cha vyakula 200, nikaambiwa niache ngano, mayai, maharage na nazi. Nitakula nini?

Tazama kwenye karatasi kama wamepima IgG au IgE, aina mbili za kingamwili. IgE ndiyo ya mzio wa kweli, ule wa kuvimba midomo au kukosa pumzi baada ya kula karanga au kamba, na hata hiyo husomwa pamoja na historia. IgG ni kumbukumbu tu kwamba mwili umekutana na chakula hicho. Mtu wa Pwani kuwa na IgG ya nazi ni sawa na mtu wa Kariakoo kuijua njia ya Kariakoo. Vyama vya wataalamu wa mzio vya Ulaya, Marekani na Kanada vyote vimetoa msimamo kwamba kipimo hiki kisitumike kutafuta vyakula vya kuacha. Wa Ulaya walisema hivyo tangu 2008.

Kama kuna chakula unakishuku, kiache chenyewe wiki tatu au nne, uandike, kisha ukirudishe uone. Ni bure. Ila anayeshuku ngano asiiache kabla ya kupima ugonjwa wa siliaki, ambapo ngano huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe, kwa sababu kipimo hicho hufanya kazi tu ukiwa bado unaila.

Na "uchovu wa tezi za adrenali"? Nimeambiwa nipime kotisoli mara nne kwa siku.

Kotisoli, homoni ya msongo inayotoka kwenye tezi hizo zilizo juu ya figo, kweli ina mdundo: hufika kileleni nusu saa hivi baada ya kuamka, hushuka chini kabisa karibu na usiku wa manane. Kuipima kwenye mate usiku ni kipimo halali cha kutafuta ugonjwa wa Cushing, yaani kotisoli kuzidi mwilini. Lakini "uchovu wa tezi" kama ugonjwa hautambuliwi na madaktari wa homoni, na mapitio ya tafiti yaliyofanywa 2016 hayakuupata. Dalili ni za kweli. Jina ndilo halijasimama, na hatari yake ni kwamba humfanya mtu aache kutafuta: upungufu wa damu, thairoidi, sonona, usingizi. Pia upo ugonjwa halisi wa tezi hizo kushindwa kazi, wa Addison, ambao kifua kikuu kinaweza kuusababisha. Huo unaua. Mwenye kukonda, kupungukiwa presha, kutapika na ngozi kuwa nyeusi zaidi viganjani na kwenye fizi, aende hospitali leo. Asisubiri mate yake yasafirishwe.

Kupima nywele kujua madini na sumu?

Mwaka 2001 watafiti waligawa nywele za mtu mmoja mwenye afya, wakazipeleka maabara sita za kibiashara Marekani. Majibu yalitofautiana, na ushauri wa lishe ukatofautiana. Tangu nisome hayo sijawahi kumshauri mtu akate nywele zake. Kama umefanya kazi kwenye betri za magari au umechoma dhahabu kwa zebaki, kuna vipimo vya kweli vya damu na mkojo. Hapo sema kazi yako wazi, na usikubali kupewa kwanza dawa ya "kuvuta sumu" ndipo mkojo upimwe: dawa hiyo hupandisha namba kwa kila mtu.

Tumbo langu linajaa gesi na kuunguza. Kipimo kipi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu huja na ripoti za bakteria wa tumboni zenye grafu nzuri sana, zinazoorodhesha wadudu ambao hakuna daktari anayejua awafanye nini. Wakati huohuo hawajapimwa H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, ipasavyo.

Kipimo cha haraka cha damu cha H. pylori hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki muda mrefu baada ya mdudu kuondoka. Ndiyo maana unamkuta mtu amemeza dozi mara tatu na bado anaambiwa "unao". Kinachofaa ni kipimo cha choo kinachotafuta mdudu mwenyewe, au cha pumzi. Kabla yake acha omeprazole na ndugu zake wa kupunguza asidi ya tumbo wiki mbili, antibiotiki wiki nne, kwa kushauriana na aliyekuandikia. Kuhakikisha kama umepona, subiri angalau wiki nne baada ya dozi.

Hadithi hiyo ni pacha wa taifodi. Kipimo cha Widal, kile cha damu cha taifodi, kina umri wa kuanzia 1896 na bado kinatuandikia taifodi kila mwezi, kwa sababu nacho kinasoma kumbukumbu za zamani na huchanganya wadudu wanaofanana. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu. Ukiwa na "taifodi sugu" ya mwaka mzima, uliza kama imewahi kuoteshwa hata mara moja. Nikisema hivi barazani kuna wanaokasirika, naelewa, antibiotiki zote zile.

Choo chenye damu, kukonda bila sababu, kutapika damu, au tumbo lililoanza kusumbua baada ya miaka 50: hayo si ya kupima nyumbani. Unahitaji kamera ya tumbo.

Vitamini D inapimwa kila mtu siku hizi. Na mimi?

Si lazima. Mwongozo wa 2024 wa chama cha madaktari wa homoni cha Marekani haushauri kuipima kwa mtu mzima mwenye afya. Sisi tunaipima kwa wazee wenye maumivu ya mifupa, wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa au kifua kikuu, na wanaojifunika mwili wote na kukaa ndani. Ndugu zetu walioko Norwei na Minnesota, wenye ngozi nyeusi na jua la miezi michache, wamo pia. Ila usimeze dozi kubwa kwa mazoea. Hii ni vitamini inayohifadhiwa mwilini. Ikizidi sana hupandisha kalsiamu, na figo ndizo zinazolipa.

Nijiandaeje kabla ya kutoa damu?

Kama umeambiwa ufunge, funga kwa muda wa saa nane hadi saa kumi na mbili, lakini maji kunywa. Kolesteroli siku hizi haihitaji kufunga kwa watu wengi. Trigliseridi, mafuta mengine ya damu, zikitoka juu ndipo tunarudia. Njoo asubuhi, hasa kwa testosteroni na madini ya chuma. Usitoke jimu na kuja moja kwa moja. Homoni za uzazi zina siku zake, kwa hiyo andika siku ya kwanza ya hedhi. Wakati wa Ramadhani niambie umefunga tangu saa ngapi, maana damu ya saa kumi jioni haisomeki kama ya asubuhi.

Sasa la biotini, vitamini inayotiwa kwenye vidonge vya urembo. Vidonge vya nywele na kucha vinavyouzwa kila duka la vipodozi vina mikrogramu 5,000 au 10,000, wakati mahitaji ya siku ni 30 tu. Mashine nyingi za homoni hutumia biotini ndani ya kipimo chenyewe, hivyo ya kwako huvuruga: TSH hutoka chini kwa uongo, T4, homoni ya thairoidi yenyewe, juu kwa uongo, na mtu mwenye thairoidi nzima anaonekana mgonjwa. Hata troponini, kipimo cha shambulio la moyo, inaweza kutoka chini. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017. Acha vidonge hivyo angalau siku mbili kabla, na tuambie hata kama unaona aibu.

Upande wetu nao una makosa. Mkanda ukikaa mkononi muda mrefu na wewe unakunja ngumi unafungua, potasiamu hupanda. Kwenye maabara niliyofanyia kazi zamani tuliwahi kupokea damu iliyosafiri kwa bodaboda mchana wa jua kali, ikakaa njiani kwa muda wa saa tatu. Potasiamu ilisoma 6.9, namba ya kumkimbiza mtu chumba cha dharura. Mwenyewe alikuwa sokoni anachagua nyanya. Seli zilipasuka njiani na kumwaga potasiamu yao. Tulipomtoa damu upya ilikuwa 4.2. Sukari hufanya kinyume: seli huendelea kuila ndani ya tyubu, asilimia 5 hadi 7 kila saa, na joto huongeza kasi. Ukiona damu ya sukari imewekwa tyubu ya kifuniko chekundu na kuachwa dirishani, una haki ya kuuliza. Ya sukari kwa kawaida ni kifuniko cha kijivu.

Natumia mlonge, mwarobaini na dawa za mizizi. Niseme?

Sema, na ulete majani au kopo. Hatukuja kukugombeza, Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na Muhimbili ina taasisi ya kuzitafiti dawa hizo iliyoanza 1974. Ila vimeng'enya vya ini vikipanda, bila kujua ulichokunywa tutakupima homa ya ini, kisha pombe, kisha picha ya ultrasaundi, na jibu lilikuwa kwenye chupa ya lita tano jikoni.

Vipimo vikiwa vizuri naweza kuacha dawa za presha?

Usiache. Vimekuwa vizuri ukiwa unazimeza. Mabadiliko ya chakula na uzito yanaweza kupunguza dozi, na tumeshuhudia, lakini hupunguzwa na daktari huku presha inaandikwa kila siku kwenye daftari.

Nitajuaje maabara ya kuamini?

Uliza kama ina ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba. Kenya hutolewa na taasisi ya ithibati ya nchi, KENAS, Tanzania maabara nyingi huthibitishwa na ile ya kanda ya SADC, SADCAS, na cheti huwa na orodha ya vipimo. Isome orodha, kwa sababu maabara inaweza kuwa na ithibati ya picha ya damu na isiwe nayo ya homoni unayolipia. Kama sampuli inapelekwa nje, uliza inasafiri siku ngapi na kwenye barafu au la. Na ukifuatilia kitu, rudi maabara ileile.

Dada yangu yuko Marekani, sukari yake 99. Yangu 5.5. Nani ana nafuu?

Mko sawasawa. Wao wanaandika miligramu kwa desilita, sisi milimoli kwa lita. Gawanya yake kwa 18. Kolesteroli gawanya kwa 38.7. Kila Krismasi kuna familia inayogombana WhatsApp kwa sababu hii.

Nirudie baada ya muda gani?

Inategemea kinachopimwa kinabadilika kwa kasi gani. HbA1c kabla ya miezi mitatu ni kutupa pesa. TSH baada ya kubadilisha dozi, wiki sita hadi nane. Feritini, baada ya miezi mitatu ya vidonge vya chuma, ambavyo huvinywi na chai ya rangi. Meza na chungwa au ubuyu. Lp(a), ile chembe ya mafuta inayorithiwa, mara moja maishani inatosha. Kabla ya kurudia chochote mimi huuliza: ikitoka juu utafanya nini, ikitoka chini utafanya nini? Kama jibu ni lilelile, tunaahirisha.

Naweza kutuma majibu yangu kwa simu?

Tuma, ila piga picha ukurasa mzima, usikate pembeni. Tunahitaji kuona jina la maabara, tarehe, saa ya kutoa damu, vizio na mipaka yao. Chini yake andika umri wako, dawa na dawa lishe zote unazomeza, na kilichokupeleka kupima. Ficha namba ya bima. Na tafadhali usitume kwenye lile kundi la ukoo kwanza. Shangazi atakuwa ameshakuandikia dozi kabla mimi sijafungua picha.